Kauri ya sumaku ya kumeza mawimbi ya maikrowevu: nimechemka mara tatu, nisaidieni

#1 FundiSpika

Wakuu, mwangaluka.

Mimi fundi redio, kibanda changu kiko Mabatini hapa Mwanza. Jirani yangu ni sonara. Kila akiletewa pete moja ya fedha ya kuyeyusha lazima awashe gesi, na bei ya gesi hakuna asiyeijua. Siku hiyo kaona maikrowevu niliyoachiwa na mteja aliyekimbia deni (huyo nitamfungulia uzi wake), akaniuliza, "Fundi, hili dude haliwezi kuyeyusha?" Nikacheka. Usiku sikulala.

Maana swali lenyewe si la kijinga. Dude linatoa mawimbi ya gigahezi 2.45, kwa nguvu ya wati 700 hivi. Weka sahani ya udongo mkavu, mawimbi yanaipita kama mwanga unavyopita kwenye kioo, sahani inabaki baridi. Weka kipande cha chuma, yanagonga na kurudi. Fedha nayo ni metali, haiyali mawimbi moja kwa moja. Inatakiwa ganda la katikati, kauri inayoyameza, ipate moto yenyewe halafu iupeleke kwa fedha iliyo ndani. Kauri hiyo ni udongo uliochanganywa na chembe za sumaku, zile za jamii ya feraiti, yaani oksaidi ya chuma yenye usumaku. Wimbi likifika, sumaku ndogo zilizomo ndani ya chembe zinavutwa huku na kule mara bilioni 2.45 kwa sekunde. Haziwezi kwenda sawa na kasi hiyo, zinachelewa kidogo, na kule kuchelewa ndiko kunakogeuka joto.

Sasa majanga yangu.

Mara ya kwanza nilitwanga sumaku za spika mbovu. Fundi redio ana nini zaidi ya spika mbovu? Nikachanganya na udongo, nikakausha, nikachoma. Ndani ya maikrowevu kikawa vuguvugu, joto la chai iliyosahauliwa mezani.

Mara ya pili nikapata mchanga mweusi kwa mshikaji wangu wa Geita, ule unaobaki kwenye karai baada ya kuosha dhahabu. Unarukia sumaku kama siafu. Nikaweka sehemu saba za mchanga kwa tatu za udongo, nikijua sumaku ikiwa nyingi na joto litakuwa jingi. Sekunde kumi tu, cheche bluu! Kingo zikaungua, nikachomoa waya ukutani.

Mara ya tatu nikapunguza hadi nusu kwa nusu, nikapeleka kwenye tanuri la matofali la jamaa yangu Igoma. Kikatoka kigumu safi, kinalia ukikigonga. Ila chekundu! Sumaku inakishika kwa shida sana, na kwenye maikrowevu hakipati moto wa maana.

Nakosea wapi?

#2 Kabwela_wa_Igoma

Yaani jiko la kupashia maharage liyeyushe fedha? Hii chai ina mpaka tangawizi. Nakaa mbele kabisa.

#3 Binti_Mwaloni

FundiSpika, kabla ya yote, simamisha kazi ya huo mchanga wa Geita. Leo hii.

Wachimbaji wadogo wengi wanakamatia dhahabu kwa zebaki. Unaoshwa, unarudiwa, unauzwa kama marudio, na zebaki inabaki humo imejificha kwenye chembe. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, lakini mvuke wake unatoka mapema zaidi, na hauna rangi wala harufu. Wewe umeupandisha moto ndani ya kibanda! Tena baadhi ya miamba ya dhahabu ina madini yenye aseniki, nayo ukiichoma inatoka na moshi.

Nafanya kazi maabara, sikutishi kwa kupenda. Ulichoma mara ngapi, na nani alikuwa karibu?

#4 FundiSpika

Daah. Nilichoma mara mbili kibandani, mlango wazi. Nilikuwa mwenyewe, ila kijana wangu wa kazi alikuja mwishoni. Ule wa tanuri la Igoma ulikuwa nje.

Nilidhani mchanga ukishapita kwenye maji mara kumi umeshakuwa safi.

#5 Binti_Mwaloni

Maji hayaondoi zebaki, hiyo ni nzito kuliko mchanga wenyewe. Nenda hospitali wewe na kijana wako, mwambieni daktari mmevuta mvuke wa zebaki, kuna kipimo cha mkojo. Mchanga uliobaki ulowanishe, uweke kwenye chombo chenye mfuniko wa kukaza, usiumwage shimoni na zaidi usiumwage ziwani. Samaki wa ziwa hilo ndio tunaokula sote. Kaulize ofisi ya mazingira au ya madini jinsi ya kuukabidhi. Na vile vipande ulivyochoma usiviguse mikono mitupu.

#6 Kabwela_wa_Igoma

Chai imeisha utamu ghafla. Pole fundi.

#7 MwalimuNyegezi

Shikamoo kwa wakubwa, wengine habari zenu. Nafundisha fizikia. Makosa yako matatu kila moja lina sababu yake, tena nzuri tu.

Spika. Feraiti ziko za aina mbili, ngumu na laini. Si ugumu wa kugonga, ni ugumu wa kubadilisha mwelekeo wa sumaku. Ya spika ni ngumu, ni ya bariamu au stronshiamu, imetengenezwa kusudi isiyumbishwe na kitu. Kila feraiti ina masafa yake inayoyaitikia, kama uzi wa gitaa. Ya spika inaitikia juu ya gigahezi 40 huko. Kwa 2.45 unaiimbia wimbo isioujua. Na vumbi la bariamu si la kuvuta, kwa hiyo usirudie kutwanga. Ungechukua feraiti laini ningekuelewa: ile fimbo nyeusi ya antena ndani ya redio ya masafa ya kati, au ule mduara wa nyuma ya kioo cha televisheni za mgongo. Mchanga mweusi wenyewe, magnetaiti, ni feraiti laini ya asili. Chuma na oksijeni, basi.

Cheche. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Magnetaiti haina usumaku tu, inapitisha umeme vizuri kwa kiwango cha mawe. Ukiijaza hadi chembe zinagusana, kauri yako inaanza kuwa na tabia ya bati: wimbi linapiga usoni linarudi, na umeme unaruka kwenye ncha. Udongo kazi yake si kushika umbo tu. Unazitenga chembe ili wimbi lipate mlango wa kuingia. Shuka hadi robo, au theluthi moja.

Wekundu. Magnetaiti ukiichoma penye hewa inakula oksijeni zaidi inakuwa hemataiti, ile ile inayotia matofali yako rangi. Hemataiti karibu haina usumaku. Umechoma sumaku yako ikawa tofali.

Fundi redio unakumbuka kanda za kaseti za TDK? Kampuni hiyo ilianzishwa Tokyo mwaka 1935 kwa ajili ya kuuza feraiti, miaka mitano tu baada ya Wajapani Kato na Takei kuigundua kule kwenye Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo. Na ule mkanda wa kahawia ndani ya kanda ni oksaidi ya chuma iliyo katikati ya safari hiyo hiyo ya kutoka nyeusi kwenda nyekundu, ila yenyewe bado ni sumaku.

#8 FundiSpika

Mwalimu, kanda za TDK nimezirekebisha kwa penseli miaka na miaka bila kujua nashika ndugu wa mchanga mweusi. Wabeja sana.

Sasa nachomaje bila hewa? Tanuri bila hewa si linazima?

#9 Muhaya_wa_Maruku

Hapo mtuachie watu wa Kagera. Mababu zetu walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye matanuri ya udongo kwa mkaa na mivukuto karibu miaka 2,000 iliyopita, pale Katuruka ushahidi upo. Miaka ya 1970 Mmarekani mmoja, Peter Schmidt, alikaa na wazee wakamjengea tanuri upya wakafua chuma kweli.

Hoja yangu: moto unawaka, lakini ndani ya tanuri mkaa ni mwingi kuliko hewa, kwa hiyo moshi wake unanyang'anya oksijeni iliyo kwenye jiwe. Zika kipande chako ndani ya chungu kilichojaa unga wa mkaa, funika, ziba kwa tope, halafu choma chungu chote. Angalia tu usizidishe. Ukikaa sana kwenye moto mkali utavuka magnetaiti ufike kwenye chuma chenyewe, na chuma chenyewe nacho kinatoa cheche.

#10 MvuviMstaafu

Mimi nauliza la kwangu. Nasikia rangi za namna hii ndizo zinazopakwa ndege za kivita zisionekane kwenye rada. Je, mtumbwi ukipakwa?

#11 Kabwela_wa_Igoma

Mzee anataka kuwakwepa watu wa doria 😂

#12 MwalimuNyegezi

MvuviMstaafu, shikamoo mzee wangu. Kanuni ni moja, hesabu ndiyo inabadilika. Rada nyingi za vyombo vya majini ziko gigahezi 9.4, wimbi la sentimita 3.2. Ndani ya kauri wimbi linafupika. Tuseme mara tatu, linabaki kama sentimita moja. Ukipaka unene wa robo ya hapo, milimita mbili na nusu hivi, juu ya bati, wimbi linalorudi kutoka usoni na linalorudi kutoka kwenye bati yanakutana kinyume yanauana. Kwa maikrowevu ya fundi wimbi ni sentimita 12.2, kwa hiyo robo yake humo ndani ni sentimita moja.

Lakini mzee, mtumbwi wa mbao tayari rada inauona kwa shida. Usiku wenye ukungu, meli inakuja, shida yako si kuonekana. Shida yako ni kutoonekana.

#13 MvuviMstaafu

Marahaba. Hilo nalijua kwa mwili wangu. Tulikuwa wanne nje ya Ukerewe, taa ya karabai imezimwa na upepo, tukasikia injini kabla ya kuona kitu. Ilipita karibu mpaka mawimbi yake yakatujaza maji, tukawa tunakomba kwa ndoo hadi alfajiri. Nahodha wala hakujua kama kuna watu.

#14 MwalimuNyegezi

Basi wewe unataka kinyume cha uzi huu. Kata mabati matatu, yaunganishe yakutane kama kona ya chumba, sakafu na kuta mbili. Wimbi likiingia kwenye kona hiyo linarudi kule kule lilikotoka. Tengeneza kona kadhaa zitazame pande zote, tundika juu ya mlingoti. Haina umeme wala betri.

#15 MvuviMstaafu

Nitampelekea fundi bati wa Kirumba kesho.

#16 FundiSpika

Wakuu, nimepotea wiki tatu, narudi na ripoti.

Kwanza: tumepima, mimi na kijana. Daktari katuambia turudi baada ya mwezi lakini hakuna la kulaza. Binti_Mwaloni, Mungu akuzidishie.

Pili, mchanga. Nimeuacha wa Geita, nimekwenda ufukweni upande wa Ilemela asubuhi baada ya usiku wa upepo. Wimbi likirudi linaacha mistari myeusi juu ya mchanga mweupe, myembamba kama wanja. Ule ndio. Nilivaa gambuti maana kichocho sikihitaji kwenye orodha yangu. Sumaku ya spika (hatimaye imepata kazi) nimeitia ndani ya glavu ya mpira, napitisha juu kidogo ya mchanga mkavu, kidole kimoja hivi. Ukigusa kabisa inabeba na takataka nyingine nyeusi zisizo sumaku ya kweli. Ukiiacha juu kidogo, magnetaiti peke yake ndiyo inaruka. Halafu unachomoa sumaku ndani ya glavu, mchanga unadondoka wenyewe. Asubuhi nzima nimepata kopo moja la maziwa ya unga.

Tatu, udongo. Nilikwenda Magu kwa mama mdogo, mfinyanzi tangu sijazaliwa. Nikamwonyesha kipande kingine chekundu, cha mchanga huu mpya. Akakigeuza, akakilamba (ndiyo, kakilamba, nilishindwa kumzuia, kilikuwa kimoja kisicho cha Geita), akasema, "Baba, udongo huu haujashiba vigae." Kumbe yeye hatumii udongo mtupu hata siku moja. Vyungu vilivyovunjika anavitwanga kwenye kinu, anachekecha, anachanganya na udongo mbichi, ndipo chungu hakipasuki kikiungua. Tukafanya sehemu tatu za mchanga mweusi, tatu za unga wa vigae, nne za udongo. Akafinyanga mwenyewe kikombe na mfuniko, ukuta wa sentimita moja kasoro. Mimi cha kwangu kilianguka upande, akakitazama bila kusema neno.

Tukakausha kivulini siku tisa. Nilitaka kuharakisha juani, akaniambia maji yaliyobaki ndani yatakitoboa kama risasi.

Nne, moto. Nikamsimulia habari za mkaa na oksijeni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ukitaka cheusi, kinyime pumzi. Hilo tu ulikuwa unatafuta kwenye simu?" Vyungu vyake vyeusi anavimwagia pumba za mpunga vikiwa bado vyekundu kwa moto, anafukia.

#17 Muhaya_wa_Maruku

Mama mdogo apewe uzi auendeshe yeye.

#18 MwalimuNyegezi

Fundi, hapo kuwa macho. Weusi wa pumba mara nyingi ni masizi yaliyoingia kwenye ngozi ya chungu, si lazima chuma cha ndani kibadilike. Kwangua kwa msumari halafu weka sumaku palipokwanguliwa.

#19 FundiSpika

Nilikwangua. Cha pumba peke yake kilikuwa cheusi juu, kahawia ndani, sumaku inashika nusunusu. Cha pili tukafuata njia ya Bukoba: chungu ndani ya chungu, unga wa mkaa na pumba zimeshindiliwa, mdomo umezibwa tope, moto wa kuni na mavi ya ng'ombe tangu asubuhi hadi saa nane mchana, kisha tukaacha kipoe humo humo hadi kesho yake. Mama mdogo alikataa kabisa kufungua jioni. Kesho yake nikakivunja kipande cha majaribio: cheusi hadi moyoni, na sumaku inakinyanyua.

Kwenye maikrowevu, kipande cha gramu 40 kwa sekunde 30. Nikazima, nikafungua, nikagusisha ncha ya kipima joto cha mita yangu: 240 na kitu. Cha tanuri la Igoma kwa muda huo huo kilifika 60.

#20 Zuzu77

Swali la mjinga. Nilisoma sumaku ikipata moto inakufa. Sasa mtafikaje kwenye joto la kuyeyusha fedha?

#21 MwalimuNyegezi

Si la mjinga, nilikuwa namsubiri wa kuliuliza. Magnetaiti usumaku wake unakufa kwenye nyuzi 585. Fedha inayeyuka 962. Ingekuwa ni usumaku peke yake, fundi angekwama njiani. Na kuna watu wanautaka huo ukwamaji: zile sahani za maikrowevu za kukaangia zina feraiti chini, imechaguliwa iwe inapoteza usumaku kwenye joto la kukaanga, kwa hiyo inapunguza kula yenyewe na chakula hakiungui.

Ila magnetaiti ina mguu wa pili. Inapitisha umeme, kwa hiyo upande wa umeme wa wimbi unaendelea kuichemsha hata usumaku ukishaondoka. Halafu udongo wenyewe, ambao ukiwa baridi ulikuwa hauli kitu, ukishapata moto mkali nao unaanza kula mawimbi. Kadiri unavyokula unazidi kupata moto, na ukizidi moto unazidi kula. Hapo fundi hatakiwi kwenda kunywa chai. Kikombe kinaweza kuyeyuka upande mmoja.

#22 SonaraMdogo

Mimi ndiye jirani. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu.

Jumamosi tulifanya. Maikrowevu tulilitoa nje chini ya mwembe, halitapikiwa chakula tena maisha yake yote, fundi kaliandika SUMU kwa rangi nyekundu. Kikombe cheusi tulikizungushia sufi ya kauri ya matanuri, hiyo mawimbi yanaipita na inazuia joto lisitoke. Ndani nikaweka kikombe changu kidogo cha kuyeyushia chenye fedha gramu 10, hereni moja isiyo na mwenzake na mikufu iliyokatika, na boraksi kidogo (ule unga wa kusafisha metali ikiyeyuka). Dakika kumi za kwanza hakuna kitu, nikamwambia fundi turudi kwenye gesi. Dakika ya kumi na nne ukaonekana mwanga wa machungwa kwenye ufa wa mfuniko. Ya kumi na saba tukazima. Nilipofungua kwa koleo fedha ilikuwa tone moja, inatetemeka kama jicho. Nikamimina.

#23 Kabwela_wa_Igoma

Nafuta kauli ya chai. Mkuu, unauza? Bei?

#24 FundiSpika

Siuzi bado. Baada ya mara nne kikombe kimeanza kupata wekundu ukingoni, pale hewa inapoingia, na kimekuwa kivivu, sasa kinataka dakika ishirini na tatu. Nitakirudisha kwenye mkaa nione kama kitafufuka.

Na watakaojaribu: msifungue bodi ya maikrowevu. Mimi nimezoea umeme lakini kile kikapasita cha nyuma, kinachotunza umeme, kina zaidi ya volti 2,000 na kinapiga shoti hata baada ya kuchomoa waya. Mlango ukiwa umepinda au wavu umetoboka, dude hilo ni la kutupa. Sufi ya kauri ishikwe kwa barakoa, nyuzi zake zinaingia mapafuni.

#25 Binti_Mwaloni

Na mchanga wa Geita uko wapi?

#26 FundiSpika

Uko kwenye ndoo ya rangi, mfuniko umekazwa, maji juu yake. Ofisini wamenipa miadi ya kuukabidhi Alhamisi.

#27 Muhaya_wa_Maruku

Ukikirudishia mkaani, safari hii fupisha muda. Saa mbili zinatosha kikombe kidogo kama hicho.

#28 FundiSpika

Mama mdogo kasema saa tatu. Namfuata yeye.